Chai Moja kwa Saa Saba

Saa tatu na robo asubuhi, Jumanne moja ya mwezi Februari, mwandishi wa makala haya aliingia kwenye mgahawa mmoja wa Mikocheni, Dar es Salaam, akiwa na mkoba mgongoni, chaja mkononi na kompyuta yenye chaji asilimia 12. Aliagiza chai ya tangawizi. Alipotoka saa kumi jioni alikuwa amelipia chai hiyo, andazi moja, na keki ya kilo tatu ambayo hakuionja.

Habari ya keki itafika. Kwanza ijulikane alifuata nini huko, maana nyumba anayo, na ndani ya nyumba meza ipo. Tatizo ni jirani. Jirani ni fundi mageti, mtu mwema na mchapakazi, anayeanza kukata vyuma saa mbili kamili asubuhi na kupumzika umeme unapokatika tu. Kwa hiyo mwandishi huyu anaishi maisha ya ajabu: umeme ukiwapo hakuna utulivu, na utulivu ukiwapo hakuna umeme.

Zamani mtu wa namna hii angeonekana hana kazi. Kisha ikaja korona, ofisi zikafungwa, na dunia ikahamia kwenye vioo. Kampuni ya Zoom, ambayo Desemba 2019 ilikuwa na washiriki wa vikao wapatao milioni 10 kwa siku, ilifikisha milioni 200 Machi 2020. Baadaye ofisi zilifunguliwa, lakini si kila mtu alirudi. Wapo waliobaki na kompyuta ya kupakata na swali la wapi pa kuifungulia, na wengi wao utawakuta mgahawani, wamekodolea macho ukuta wakitafuta soketi.

Wanaodhani huu ni ulimbukeni wa vijana wa Masaki wangekumbushwa habari za Edward Lloyd. Mwishoni mwa miaka ya 1680 bwana huyu alikuwa na nyumba ya kahawa jijini London. Manahodha, wenye meli na wafanyabiashara walikuja kunywa, wakakaa, wakaulizana meli ipi imefika na ipi imezama, mwisho wakawa wanakatiana bima ya meli na shehena palepale mezani. Kwenye meza zile ndiko lilikozaliwa soko la bima la Lloyd's, ambalo hadi leo watumishi wake waliovaa makoti rasmi huitwa wahudumu, kama wa mgahawani. Yaani wateja walikaa mpaka mgahawa ukasahau kuwa ni mgahawa. Mwenye mgahawa wa Mikocheni hajawahi kuisikia hadithi hii, na mwandishi ameona ni busara asimsimulie.

Kinga nyingine wanayopenda kujitetea nayo watu wa kompyuta ni J.K. Rowling, aliyeandika sehemu za kitabu cha kwanza cha Harry Potter kwenye migahawa ya Edinburgh. Kweli aliandika. Ila mmoja wa migahawa hiyo, Nicolson's, ulikuwa wa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Mwenye shemeji mwenye mgahawa na akae hadi viti vipandishwe juu ya meza. Wengine walipe.

Walipe kiasi gani, hapo ndipo penye fitina. Menyu inasema chai ni shilingi 4,000. Haisemi ni chai ya muda gani. Mteja anaamini amenunua kiti, soketi, feni na intaneti, na chai ni risiti tu. Mwenye mgahawa anajua ameuza chai. Kuna waliojaribu kuukata mzizi huo. Mwaka 2014 mgahawa wa Ziferblat, wenye asili ya Moscow, ulifungua tawi Shoreditch, London: kahawa bure, biskuti bure, intaneti bure, kilicholipiwa ni muda, peni 3 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo, saa saba za mwandishi zingekuwa pauni 12 na peni 60. Hesabu hii aliifanya akiwa ameketi mbele ya kikombe kilichokauka tangu saa nne, na ikampa jasho ambalo feni haikuliweza.

Wahenga walituachia kipimo cha mgeni: siku mbili, na ya tatu mpe jembe. Kipimo cha saa hawakutuachia. Kazi hiyo imebaki kwa wahudumu.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Watu wa maofisini walikuwa wamesimama mlangoni na njaa zao, wakitupa macho huku na huku. Mwandishi alikuwa ameikalia meza ya watu wanne peke yake: yeye kiti cha kwanza, mkoba cha pili, daftari na mwavuli cha tatu, na cha nne kimekokotwa chini ya meza kubeba miguu. Mhudumu akaja na kitambaa chake, akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Kaka, nikuletee nini kingine?"

"Niko sawa, dada. Asante."

"Basi nikuletee jembe?"

Meza ya jirani ilicheka kabla yeye hajaelewa. Alipoelewa, aliagiza andazi. Andazi, katika saa ambayo kila meza ilikuwa inaletewa wali na samaki! Ni sawa na kwenda msibani na rambirambi ya shilingi mia. Tangu siku hiyo mwandishi ana msimamo usioyumba: kati ya saa sita na saa nane mchana, meza ya mgahawa ni ya sahani. Mwenye kompyuta aagize chakula au afunge virago, akamalizie sentensi yake kwenye daladala.

Hata hivyo, kila akimkumbuka mhudumu yule hujifariji na habari za Korea Kusini. Kule kuna jina kabisa la watu wa aina hii, kagongjok, lililoungwa kwa maneno ya kafe, kusoma na kabila: kabila la wasomea mgahawani. Kabila hilo lilistawi mpaka mwaka 2025 matawi ya Starbucks nchini humo yakalazimika kutoa tangazo kwamba wateja wasilete kompyuta kubwa za mezani, wala printa, wala mbao za kujizungushia. Tangazo la namna hiyo haliandikwi kwa kubahatisha. Mahali fulani, siku fulani, mtu aliingia amebeba printa, akaomba kahawa ndogo.

Tokyo wamekwenda njia nyingine. Katika kitongoji cha Koenji kuna mgahawa uliofunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya watu wenye maandishi ya kukabidhi, hao tu. Ukiingia unaandika unachotaka kukimaliza, mwenye mgahawa anapita kukuuliza umefika wapi, na hutarajiwi kuondoka kabla hujamaliza. Mhariri wa mwandishi huyu alipoipata habari hiyo alinyamaza kwa muda, kisha akauliza nauli ya kwenda Tokyo ni kiasi gani. Ya kwenda tu.

Tugeukie kelele, maana huku ndiko aibu nyingi zinakofugwa. Kuna utafiti wa mwaka 2012, wa Ravi Mehta na wenzake, ulioonyesha kwamba kelele ya wastani, kama desibeli 70, husaidia ubunifu kuliko kelele ya chini, lakini ikifika desibeli 85 huuharibu. Mwandishi aliunukuu utafiti huo nyumbani kueleza kwa nini anahama kila asubuhi. Blenda ya juisi ya mgahawani haikuusoma. Ikianza kusaga matunda na tangawizi, hata fundi mageti hukumbukwa kwa huruma.

Lakini blenda hunyamaza. Asiyenyamaza ni binadamu mwenye simu. Na hapa inafaa kupita Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye ile kona iitwayo Jaws, jina la filamu ya papa ya mwaka 1975. Watu hukaa barazani wakinywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo, wakicheza dhumna, wakiipasua siasa vipande vipande. Pametundikwa hapo simu ya kizamani yenye maandishi yanayotangaza kwamba kupiga nje ya nchi ni bure. Simu yenyewe haijaunganishwa popote. Ni simu yenye adabu kuliko zote Afrika Mashariki.

Kijiwe cha kahawa kina kanuni zake, na kila aliyekulia pwani anazijua bila kufundishwa. Ukifika, unawasalimu wote. Mzee akija, mnasogea. Kikombe chako kikiisha unamrudishia muuza kahawa, maana kuna mwingine anakisubiri. Kuhusu sauti, hakuna anayekataza: piga kelele utakavyo, ila ukishasema kwa sauti umeshirikisha baraza zima, na yeyote ana haki ya kukujibu. Wateja wa mgahawa wenye kiyoyozi wanataka nusu ya kwanza ya kanuni hiyo tu. Mtu anaongea na simu mpaka jikoni wanasikia, ukimjibu anakutazama kama mwizi.

Mwandishi aliionja nusu ya pili. Alikuwa kwenye kikao cha Zoom, vipokea sauti masikioni, uso wa umakini. Asichojua ni kwamba vipokea sauti vilikuwa vimeishiwa chaji na sauti yote inatoka kwenye spika za kompyuta. Aliona kweli inasikika vizuri mno. Mhariri akasema, na mgahawa mzima ukasikia: "Hii makala yako ina maji mengi. Kurasa mbili za mwanzo hazisemi kitu."

Kabla mwandishi hajajibu, mzee mmoja aliyekuwa meza ya pili akashusha gazeti lake.

"Msikilize bosi wako, kijana," akasema. "Nami naona hivyo hivyo. Tangu asubuhi unaandika, unafuta."

"Shikamoo, mzee," akasema mwandishi, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Na usikate tamaa."

"Nani huyo?" akauliza mhariri. "Mbona ana akili?"

Angalau siri iliyovuja hapo ilikuwa ya mwandishi mwenyewe. Wiki chache baadaye aliketi karibu na mama mmoja nadhifu, kwa dalili zote mkuu wa rasilimali watu mahali fulani, akisoma orodha ya mishahara kwa simu. Jina, cheo, kiasi. "Huyu wa stoo mshushe. Huyu dereva mwacheni, amebakiza mwaka mmoja." Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mgahawa mzima ukawa unaishuhudia ikivunjwa kwa lafudhi safi kabisa. Watu waliacha kutafuna. Mhudumu, ambaye kwa kawaida hupita mbio, alifuta meza ya jirani kwa dakika nne. Mama alipokata simu, akamgeukia mwandishi na kumwomba apunguze kugonga vitufe kwa nguvu, vinamkosesha utulivu.

Intaneti ni kesi nyingine, na hapa mwandishi anawatetea wahudumu bila masharti. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Jumatatu asubuhi migahawa ya Dar es Salaam ilifurika watu ambao intaneti ya nyumbani imewagomea, kila mmoja akiamini kwamba mgahawani kuna ya aina nyingine. Wote wakamgeukia dada wa kaunta. Dada, waifai vipi? Dada, hebu izime uiwashe. Akaizima akaiwasha. Mwingine akaja: dada, umejaribu kuizima? Mwandishi alihesabu mara saba. Mara saba binti wa watu alichomoa na kuchomeka kisanduku cha ukutani kwa hitilafu iliyokuwa chini ya Bahari ya Hindi, maelfu ya kilomita kutoka kwenye kaunta yake. Mteja mmoja aliondoka kwa hasira akisema hapa huduma zimeshuka siku hizi.

Kuhusu kumwachia mgeni kompyuta ili uende msalani, neno moja linatosha. "Naomba unitazamie" ni amana, na amana hurithishwa. Mwandishi aliporudi alikuta aliyemwachia ameshamkabidhi mwenzake na kuondoka, mwenzake akamkabidhi mkewe, na mke naye akamkabidhi mtoto, ambaye alikuwa anatazama katuni. Kompyuta ilikuwa salama. Bando halikuwa.

Sasa keki.

Jumanne ile ile ya Februari, saa nne na nusu, kabla ya jembe na andazi, chaji ilikuwa imebaki asilimia 4. Soketi ya karibu ilikuwa imekaliwa na kijana aliyechomeka simu mbili na saa. Mwandishi akainuka, akakagua kuta kama msoma mita. Pembeni mwa kaunta akaona soketi ya matundu mawili: moja ina birika la umeme, nyingine ina waya mweusi uliopotelea nyuma ya kabati. Juu ya kabati zilining'inia taa za Krismasi, zimezimwa tangu Januari. Akaunganisha mambo mawili yasiyohusiana, kipaji ambacho kwenye uandishi humletea sifa. Akachomoa, akachomeka chaja yake, akarudi mezani na waya mrefu mweupe ukimfuata ukutani.

Hakumuuliza mtu. Kosa liko hapo. Yaliyofuata ni kazi ya joto.

Waya ule mweusi ulikuwa wa friji la vioo. Taa yake ya ndani iliungua siku nyingi, feni za dari zilikuwa zinavuma, na hakuna aliyegundua kitu. Februari ya Dar es Salaam hupita nyuzi 30 bila kujikaza. Saa tisa na nusu wakaingia akina mama watatu waliovaa sare ya kitenge, wamekuja kuchukua keki ya sendofu. Dada wa kaunta akafungua friji. Akalifunga. Akalifungua tena, kama mtu anayeamini kwamba mara ya pili ataona kingine.

Mama wa mbele akainama, akasoma.

"Mwanetu anaitwa Neema," akasema, kwa upole wa kutisha. "Hapa nasoma 'Nee', halafu ziwa."

Maua ya waridi ya krimu yalikuwa yameteremka hadi ukingoni na kukusanyika kama abiria wanaosubiri pantoni. Hakuna aliyesema kitu. Dada wa kaunta akaufuata waya mweusi kwa macho, kutoka kwenye friji hadi ukutani. Kutoka ukutani akaufuata mweupe, meza moja, meza ya pili, hadi kwa mwandishi, ambaye kompyuta yake wakati huo ilisoma asilimia 100.

Keki nyingine ilipatikana jikoni, ikaandikwa Neema mbele ya wenyewe, herufi zote tano. Iliyoyeyuka ikaongezwa kwenye bili ya mwandishi, chini ya chai na andazi: shilingi 120,000. Umeme alioutumia siku nzima haufiki shilingi mia moja kwa bei ya nyumbani. Wahudumu waliila ile keki jikoni kwa vijiko, kwa furaha ya wazi, na katika mgahawa ambao hata anayekula karanga hukukaribisha, siku hiyo hakuna aliyesema karibu.

Bado anakwenda palepale. Anafika saa tatu, anakunywa chai na chapati na mayai, anakaa kwenye meza ndogo ya pembeni yenye viti viwili, na saa sita kasoro robo anafunga kompyuta kabla hajaulizwa habari za jembe. Yule mzee wa gazeti humwekea kiti na kumuuliza kama maji yamepungua. Soketi ya friji imezungushiwa selotepu nyekundu, na juu yake kimebandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: USICHOMOE. Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu nyingine: "Hata wewe wa chai ya tangawizi."